Nani Anakaa Kwenye Mji wa Karatasi?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwalimu mmoja wa sekondari jijini Kinshasa alikwenda kwenye taasisi ya makumbusho ya taifa akiwa amebeba jengo. Lilikuwa jengo la karatasi na kadibodi, limekatwa kwa mkasi na wembe, limeunganishwa kwa gundi, na kila ukingo umekaa sawasawa. Wenyeji wake walilitazama jengo, wakamtazama na yeye, wasiamini. Kazi safi namna ile itoke kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia? Wakamshuku wizi. Ikabidi atengeneze nyingine ili ajisafishe, na mwisho wa yote wakampa ajira: kukarabati vitu vya kale vya makumbusho hayo hayo.

Jina lake ni Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, akahamia Kinshasa mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1980 aliacha kazi ya makumbusho ili ajenge miji ya mezani, basi. Mwaka 1989 kazi zake zilipelekwa Paris kwenye maonyesho ya Magiciens de la Terre, yaliyokusanya wasanii zaidi ya 100 kutoka pande zote za dunia, na tangu hapo jina lake halikushuka. Alifariki mwaka 2015. Miaka 3 baadaye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, yakamwandalia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote.

Jengo la Kingelez likitazamwa kwa karibu linaonyesha mkono usio na haraka. Kuta ni karatasi nzito ya rangi ya waridi, ya machungwa, ya samawati. Juu yake vimebandikwa vipande vyembamba vya rangi nyingine, kimoja baada ya kingine, mpaka jengo zima limezungukwa. Kuna mirija ya soda iliyogeuzwa nguzo, vizibo vya chupa, mabati ya makopo, pini, foili inayong'aa, nyota na tarakimu zilizochorwa kwa kalamu. Upande wa kushoto na wa kulia hulingana kiasi kwamba mtazamaji hujikuta anatafuta kosa. Na halikuigwa kutoka jengo lolote duniani. Kingelez alibuni majumba ambayo hayapo, akayapa majina mazito: Palais d'Hirochima mwaka 1991, U.N. mwaka 1995, Umoja wa Mataifa ulipotimiza miaka 50. Na mwaka ule ule wa 1991 alibuni hospitali ya kisayansi ya wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa unazimaliza familia na dawa za kuudhibiti hazijapatikana.

Waandishi wengi wa sanaa walipenda kumtia kwenye fungu la Waafrika wanaookota takataka na kuzigeuza sanaa. Fungu hilo halimfai. Vizibo vipo, ndiyo, na makopo yapo, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni karatasi na kadibodi safi, nyingine ya bei, iliyochaguliwa kwa rangi na kwa jinsi inavyopokea wembe. Mwenyewe alijiita mbunifu, msanifu majengo na msanii kwa pamoja. Alikuwa anapanga miji.

Mwaka 1994 alikijenga upya kijiji alichozaliwa. Kimbembele Ihunga ya mezani ina maghorofa marefu, stesheni ya reli, benki na uwanja wa mpira. Miaka 2 baadaye ikaja Ville Fantôme, mji mzima wa karibu mita 6 kwa urefu na zaidi ya mita 2 kwa upana, wenye barabara pana, minara na madaraja. Humo, kwa maelezo yake, hakuna polisi wala askari kwa sababu mji una amani na hauwahitaji.

Tarehe ya kazi hiyo inastahili kutajwa mara mbili: 1996. Kinshasa ambayo Kingelez aliikuta mwaka 1970 ilikuwa mji wa Rais Mobutu wenye pesa za shaba, mji uliojenga mnara wa Limete na kuwakaribisha mabondia Muhammad Ali na George Foreman mwaka 1974. Kisha bei ya shaba ikaanguka, barabara zikachimbika, mishahara ikawa hadithi. Mwaka 1991 na tena mwaka 1993 askari wasiolipwa waliingia mitaani kupora maduka na maghala. Na mwaka 1996, wakati Ville Fantôme inabandikwa gundi, vita vilizuka Kivu, mashariki mwa nchi, na miezi michache baadaye Mobutu alikuwa hayupo tena madarakani. Mji wa mezani uliendelea kupanda ghorofa huku mji wa nje ukishuka.

Hata hivyo, si ndoto pekee inayomfanya mtu asimame mbele ya Ville Fantôme kwa muda mrefu. Kuna jambo lingine ambalo huchelewa kuonekana: hakuna watu. Barabara pana, viwanja, milango, ngazi, na humo hakuna mkazi hata mmoja aliyewekwa. Mtazamaji akishaliona hilo, jicho lake hukosa mahali pa kusimama nje ya mji. Linaingia. Linakata kona, linapanda balkoni, linachagua nyumba ya kukaa. MoMA walilijua jambo hilo, kwani mwaka 2018 waliwapa wageni miwani ya kompyuta iliyowawezesha kutembea ndani ya mji huo kana kwamba wako barabarani. Pengine ilikuwa burudani nzuri, lakini mtu mwenye dakika 5 na macho mazuri alikuwa ameshatembea humo bila miwani.

Basi, swali la nani anakaa ndani ya dunia ndogo ni kipimo kizuri cha dunia hiyo. Kila anayejenga kidogo hulazimika kuacha vingi, na anapoacha ndipo anapojulikana.

Watoto wa Afrika Mashariki hawahitaji kuambiwa hili. Gari la waya, lile ambalo kizazi baada ya kizazi kimelisukuma kwenye njia za vumbi, halina injini, halina viti, mara nyingi halina hata milango. Bodi ni mistari ya waya iliyokunjwa kwa koleo au kwa meno, magurudumu yamekatwa kwenye soli za ndala zilizokwisha. Lakini usukani upo, na unafanya kazi. Fimbo ndefu ya waya hutoka kwenye ekseli ya mbele, hupanda hadi kiunoni mwa dereva, na juu yake kuna duara. Duara likizungushwa, magurudumu ya mbele hukata kona kweli. Mlio wa injini dereva anautoa mwenyewe mdomoni, na akibadilisha gia husikika. Fundi wa miaka 9 ameamua kwamba gari ni kona na mlio. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Katika ngome ya Windsor, Uingereza, kuna nyumba iliyoamua kinyume kabisa, yaani isiachwe hata kitu kimoja. Ni nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1921 na 1924 chini ya msanifu majengo Edwin Lutyens, kwa skeli ya 1 kwa 12, inchi moja kwa kila futi. Mabomba yake hutoa maji, vyoo husafishwa kwa maji, taa za umeme huwaka, lifti hupanda na kushuka. Chupa za kwenye stoo ya mvinyo zilijazwa mvinyo wa kweli. Gereji ina magari. Maktaba ina vitabu vidogo vilivyoandikwa kwa mkono na waandishi wakubwa wa wakati ule. Arthur Conan Doyle alitunga kisa kifupi cha Sherlock Holmes kwa ajili ya rafu hiyo tu. Mwaka 1924 nyumba hiyo ilionyeshwa Wembley kwenye maonyesho ya himaya ya Uingereza, na zaidi ya watu milioni 1 walipita mbele yake.

Nyumba ya wanasesere, na wanasesere hawamo. Jikoni masufuria yako tayari, vyumba vya watumishi vina vitanda, kabati la mafagio limejaa, ila mpishi hakuwekwa, wala yaya, wala dobi. Nyumba kubwa ya kifalme ya wakati huo ilihitaji jeshi la watumishi ili iamke asubuhi. Hii inajiendesha yenyewe. Imetengenezwa mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambavyo vilikuwa vimewatoa wanaume na wanawake wengi kwenye utumishi wa majumbani, na kwa macho ya leo ni vigumu kutoona humo hamu ya tabaka fulani: starehe ibaki, wahudumu wasionekane.

Mkabala na nyumba hiyo liwekwe kaburi la Meketre. Huyu alikuwa mtumishi mkuu wa mafarao karibu miaka 4,000 iliyopita, akazikwa Thebes, ng'ambo ya mji ambao leo unaitwa Luxor. Wezi walishalisafisha kaburi lake zamani sana. Lakini mwaka 1920, wakati kikosi cha Herbert Winlock cha makumbusho ya Metropolitan ya New York kinasafisha vifusi ili kuchora ramani tu, changarawe zilianza kupotelea kwenye ufa. Nyuma ya ufa kulikuwa na chumba kidogo ambacho wezi hawakukijua, na ndani yake modeli 24 za mbao zenye rangi ambazo zilikuwa hazijafifia.

Nyingi hazikuwa modeli za hekalu wala za majumba ya kifahari. Ni sehemu za kazi. Kuna kiwanda cha mikate na pombe ambamo mtu anakanyaga unga uliokandwa. Kuna chumba cha kufuma nguo, machinjio, ghala la nafaka lenye makarani, mashua zenye mabaharia, wavuvi wanaokokota wavu. Kwenye karakana ya seremala kuna sanduku la vifaa, na ndani ya sanduku kulikuwa na vifaa vyenyewe, vidogo, vya shaba. Kwenye modeli moja Meketre amekaa barazani na makarani wake huku ng'ombe wakipitishwa mbele yake wahesabiwe, na wachungaji wana fimbo mkononi. Modeli hizo ziligawanywa kati ya Cairo na New York, na hata katika mgawanyo huo wafanyakazi hawakupumzika.

Meketre alijua kinachoifanya starehe iwe starehe. Mkate bila mwokaji haungemfaa huko alikokwenda, hivyo akamchukua mwokaji. Windsor wakachukua mkate, wakamwacha mwokaji mlangoni. Ukiwaweka pamoja, mwenye nyumba wa Misri anaonekana mkweli zaidi, ingawa si lazima awe mwema zaidi, maana wale watu wa mbao hawakuulizwa kama wanataka kukanda unga milele.

Mwanaanthropolojia wa Ufaransa Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake La Pensée sauvage cha mwaka 1962, alieleza kwa nini vitu vidogo vinapendeza. Kwa kawaida, alisema, kitu kikubwa tunakijua kwa vipande, kipande baada ya kipande, mpaka tukifikie kizima. Modeli hugeuza mwendo huo, ikatupa kizima kwanza. Jicho linakikamata chote kwa mara moja na akili inafurahi kwa sababu imepewa bure kile ambacho kwa kawaida hukisumbukia. Maelezo hayo yanaingia vizuri kwenye miji ya Kingelez na kwenye ghala la Meketre.

Hayaingii kwa Frances Glessner Lee.

Bi Lee alizaliwa Chicago mwaka 1878 katika familia iliyotajirika kwa mashine za kilimo. Kaka yake alikwenda Harvard. Yeye hakupelekwa chuo kikuu. Alipokuwa kijana wa makamo alitengeneza modeli ya okestra ya Chicago yenye wanamuziki 90, kila mmoja na ala yake, zawadi kwa mama yake. Uhuru wa kufanya alichotaka aliupata akiwa na miaka zaidi ya 50, na alichotaka kilikuwa uchunguzi wa vifo. Rafiki wa kaka yake, daktari aliyechunguza maiti huko Boston, alikuwa amemsimulia jinsi kesi zinavyoharibika kwa sababu polisi wa kwanza kufika hukanyaga damu, huhamisha silaha, au hawaoni kilicho mbele yao. Mwaka 1931 alitoa fedha Harvard ianzishe idara ya tiba ya kisheria, na katika miaka ya 1940 akaanza kujenga vyumba.

Vyumba hivyo, vinavyojulikana kama Nutshell Studies of Unexplained Death, navyo ni vya skeli ya 1 kwa 12, sawa na nyumba ya Malkia Mary. Tofauti ni kwamba humu kuna watu, na wamekufa. Kimoja ni jiko. Mwanamke amelala sakafuni karibu na oveni ya gesi, milango imesokomezwa magazeti. Inaonekana ni mtu aliyejiua. Lakini kwenye sinki kuna viazi vilivyomenywa nusu, na kazi za jikoni hazijamalizika, na anayetazama lazima ajiulize ni nani huanza kumenya viazi kisha akaghairi kuishi katikati ya kiazi. Rangi ya ngozi ya maiti imepakwa kulingana na namna ya kifo na muda uliopita. Aliyevuta hewa ya sumu ana wekundu wake. Soksi za marehemu mmoja zilifumwa na Bi Lee mwenyewe kwa kutumia pini za kushonea badala ya sindano za kufumia. Sigara zimesokotwa kwa tumbaku ya kweli. Kazi za mbao alifanyiwa na seremala wake, Ralph Mosher, aliyetakiwa kutengeneza milango inayofunguka na vitasa vinavyozunguka.

Wanafunzi wake walikuwa maaskari wapelelezi, wanaume waliozoea kupiga jicho mara moja na kutoa hukumu. Aliwapa muda, tochi na utaratibu: anza ukingoni, zunguka kama mshale wa saa, ingia taratibu hadi katikati, na maiti usiifikie mapema. Hapo Lévi-Strauss anapinduliwa. Aliyekitazama chumba kizima kwanza na kufurahi kwamba amekielewa ndiye aliyekosea. Udogo haukuwekwa ili mambo yaonekane kirahisi; uliwekwa ili mtu asogee, ainame, apunguze mwendo. Chumba cha kawaida mpelelezi angekivuka kwa hatua 4. Hiki hana namna ya kukivuka isipokuwa kwa macho, na macho yakishakuwa miguu pekee, yanajifunza kutembea.

Kuna jambo lingine katika vyumba hivyo. Tajiri huyu hakujenga sebule za kina mama wa tabaka lake, ambazo alizifahamu kwa kila pazia. Alijenga vyumba vya kupanga, ghala la shambani, majiko ya nyumba za kawaida. Wengi wa marehemu wake ni wanawake, na wengi wamefia nyumbani. Polisi aliowafundisha walikuwa hodari wa kuharakisha kesi za watu wa namna hiyo. Mwaka 1943 polisi wa jimbo la New Hampshire walimpa cheo cha kapteni, na vyumba vyake 18 viko hadi leo katika ofisi ya mchunguzi mkuu wa vifo vya Maryland, mjini Baltimore. Majibu yake hayatangazwi, maana bado vinafundishia.

Mwaka 2017 vilipoazimwa na makumbusho ya Renwick jijini Washington, mafundi wa uhifadhi walibadilisha balbu zake za zamani wakaweka za LED. Balbu za zamani zilikuwa zinatoa joto, na joto hilo lilikuwa linawaunguza taratibu wale watu wadogo na nguo zao. Hapa ndipo unapoguswa ukuta ambao kila mjenga vidogo hugongana nao: kuna vitu visivyokubali kupunguzwa.

Moto ni mmoja. Mwali mdogo hauna tabia ya moto mkubwa. Maji ni mengine. Tone la maji lina ukubwa wake na halijui skeli. Tone la milimita 4 likidondoka kutoka kwenye bomba la nyumba ya Malkia Mary, kwa mkazi wa humo, kama angekuwepo, ni donge la karibu sentimita 5, sawa na ndimu. Nguo pia hukataa. Shuka yenye unene wa milimita 0.3 ikitandikwa kwenye kitanda cha skeli ya 1 kwa 12 inakuwa blanketi la karibu milimita 4, na haikunjiki wala hailegei kama shuka, inasimama. Ndiyo maana nguo za wanasesere huonekana zimepigwa wanga hata zikiwa zimefuliwa juzi, na ndiyo maana Bi Lee alihangaika na pini na nyuzi laini kuliko zote alizoweza kupata. Mbao nazo zina nyuzi zake, na mti wenye nyuzi pana ukichongwa kiti kidogo unaonekana umechanika. Wachongaji wa mpingo wanaujua ubora wa mti ulioshikamana: unakubali kidole, ukucha, hata kope.

Waliojenga modeli kwa ajili ya filamu walikutana na ukaidi huu na wakaupatia hesabu. Jumba dogo likibomoka huanguka haraka mno, kwa sababu mvuto wa dunia haupungui pamoja na jumba, na mtazamaji hugundua mara moja kwamba ameonyeshwa kitu cha kuchezea. Dawa yake ni kupiga picha kwa kasi na kuonyesha polepole, na kasi huongezwa kwa kipeuo cha pili cha skeli. Modeli ya 1 kwa 16 hupigwa picha 96 kwa sekunde badala ya 24. Hapo vumbi linapaa kwa uzito unaostahili jumba la kweli. Maji yanabaki kuwa tatizo hata baada ya hesabu hiyo, kwa sababu ya matone.

Wajerumani wawili, ndugu mapacha Gerrit na Frederik Braun, waliukwepa ukuta huu kwa ucheshi. Miniatur Wunderland waliyoifungua mwaka 2001 katika maghala ya zamani ya bandari ya Hamburg ni ya skeli ya 1 kwa 87, hivyo mtu wa kimo cha kawaida ana sentimita 2. Treni zinapita, ndege zinaruka kutoka uwanja wa ndege wa kubuni, usiku unaingia baada ya kila robo saa na taa zinawaka mji mzima. Wakazi ni maelfu kwa maelfu, na mgeni mwenye subira huwakuta wakifanya vituko ambavyo havikutangazwa kwenye bango lolote. Ni mahali pa furaha. Lakini ukilinganisha na Kingelez, mtu anatoka Hamburg akiwa amechekeshwa na anatoka Ville Fantôme akiwa na nyumba aliyoichagua.

Pwani ya Waswahili ina dunia ndogo zake, na zile zinazouzwa madukani Mji Mkongwe au Lamu, jahazi la kuweka juu ya meza na mlango wa Zanzibar wa kutundika ukutani, nyingi ni za watalii na zimetengenezwa kwa haraka ya watalii. Zinazofaa kuangaliwa kwa makini ni modeli za mtepe zilizoko kwenye makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, Mombasa. Mtepe ulikuwa chombo cha pwani hii kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka. Ulikuwa na omo lililoinuka na shingo ndefu. Ulibeba boriti na mizigo mingine baina ya Lamu na bandari za kusini, kisha majahazi ya misumari yakaufuta, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukawa umekwisha. Hakuna mtepe mzee uliobaki wa kupimwa. Kilichobaki ni maandishi, kama makala ya James Hornell ya mwaka 1941, pamoja na picha, michoro na modeli hizo.

Hivyo modeli, ambayo mahali pengine ni pambo, hapa inakuwa shahidi. Mwaka 2003 mtepe mzima ulijengwa upya Zanzibar na kuwekwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, na anayejenga chombo cha namna hiyo hana budi kuziuliza zile modeli maswali ambayo fundi wake hakuyatarajia. Zinajibu baadhi. Umbo la omo na tezi, mpangilio wa mbao, mahali mlingoti unaposimama, hayo fundi stadi anaweza kuyapunguza bila kuyaharibu.

Mishono ni mtihani mwingine. Tuseme kwenye chombo chenyewe tundu moja hadi jingine ni sentimita 6. Kwenye modeli ya 1 kwa 20 umbali huo ni milimita 3, katika ubao mwembamba ambao ukitobolewa mara nyingi namna hiyo unapasuka, na kamba ya makumbi haisokoteki ikawa nyembamba kiasi hicho. Fundi wa modeli hufanya kile ambacho fundi yeyote angefanya: huweka uzi badala ya kamba, hupunguza matundu, mshono ukaonekana mzuri machoni na ubao ukabaki mzima. Modeli inabaki na sura ya chombo kilichoshonwa, lakini idadi ya mishono ni ya meza, si ya bahari. Anayetaka kuunda mtepe mwingine atazihesabu mbao za modeli na kuziamini. Kwa mishono itabidi afunue picha za zamani, kisha achukue mbao 2 na kamba halisi, atoboe, ashone, aziloweke kwenye maji ya chumvi aone zinavuja wapi.